Kadi Mpya, Linux ya Mwaka Juzi

*Kununua kadi ya grafiki iliyotoka juzi kunataka pesa. Kuiwasha kwenye Linux, ukiwa Kiriba na bando la kupima, kunataka kalenda.*

Kadi ya grafiki huja Kiriba, kata ya Musoma Vijijini, kwa basi. Hutoka Kariakoo, Dar es Salaam, ikiwa imezungushiwa utepe wa gundi na kuandikwa KIOO kwa kalamu ya wino mzito. Hupita zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya buti pamoja na mabegi na ndoo za watu, ikateremshwa stendi ya Bweri mjini Musoma. Kutoka hapo ni bodaboda. Dereva huambiwa mara tatu asiibane kati ya miguu na tangi la mafuta, na mara zote tatu hujibu kwamba amesikia.

Fundi huipokea kwenye stationari, katikati ya mashine ya fotokopi na kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti. Tuseme ni Radeon RX 9060 XT ya AMD. Hufungua kava la kompyuta, hupuliza vumbi, hugusa bati la kesi kuondoa umeme tuli mwilini, kisha huisukuma kadi kwenye sloti ndefu hadi klipu ilie ta! Huchomeka waya wa pini nane. Hubonyeza swichi.

Picha inakuja, lakini si ile aliyoilipia. Skrini imekwama kwenye ukubwa mmoja usiobadilika. Kishale cha mausi kinafuata mkono kwa kuchelewa, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ukisogeza dirisha, linaacha mkia nyuma yake. Feni ya prosesa inapiga kelele, na feni za kadi mpya zimetulia tuli, hazizunguki hata kidogo, kwa sababu kadi haijapewa kazi yoyote. Kila kitu kinachoonekana kwenye skrini kinachorwa na prosesa.

Fundi hufungua teminali na kuandika amri ya lspci, inayoorodhesha vyote vilivyochomekwa. Kwenye mstari wa kadi, mahali pa jina, pana maneno mawili tu: Device 7590. Kompyuta imemwona mgeni mlangoni. Jina lake haijalisikia popote.

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya hapo ni kumpigia simu muuzaji wa Kariakoo na kumwambia kadi ni mbovu. Kadi ni nzima. Flashi iliyotumika kuweka mfumo ilikuwa na Ubuntu 24.04, toleo la Linux la Aprili 2024 lenye keneli namba 6.8. RX 9060 XT iliingia madukani Juni 5, 2025. Linux inaombwa imtambue mtu aliyezaliwa zaidi ya mwaka mmoja baada yake.

Draiva inakaa wapi

Anayetoka Windows amezoea utaratibu mmoja. Unanunua kadi, unaingia kwenye tovuti ya kampuni, unapakua draiva, unabonyeza hadi mwisho, unawasha upya. Kwenye Linux draiva nyingi hazipakuliwi kokote. Zimo ndani ya keneli yenyewe, ule moyo wa mfumo ambao Linus Torvalds alianza kuuandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki.

Utaratibu huo una raha yake. Chomeka kadi ya AMD ya miaka mitatu iliyopita na itawaka bila kukuuliza swali. Shida yake inatoka palepale: keneli uliyonayo ndiyo inayoamua kadi gani unaijua.

Na keneli peke yake haitoshi. Kadi ya AMD au ya Intel inataka vitu vitatu vilivyo rika moja nayo. Cha kwanza ni keneli, inayozungumza na chuma. Cha pili ni fimuwea, mafaili madogo ambayo kadi huyasoma kabla haijaamka. Cha tatu kinaitwa Mesa, mkusanyiko wa programu unaogeuza maagizo ya mchezo au ya programu ya video kuwa kazi ambayo kadi inaielewa. Kimoja kikiwa cha zamani, viwili vilivyobaki havifui dafu. Ndiyo maana mtu anaweza kuhangaika siku nzima akipandisha keneli, akafurahi kuona namba mpya, halafu akakuta skrini iko vilevile kwa sababu fimuwea ni ya mwaka juzi.

Ajabu ni kwamba kampuni zenyewe mara nyingi huwahi. Intel ilipoingiza sokoni kadi ya Arc B580 Desemba 13, 2024, keneli 6.12, ambayo iliiwasha kadi hiyo bila kuombwa, ilikuwa imeshatoka tangu Novemba 17. AMD nayo ilipoanza kuuza RX 9070 Machi 6, 2025, draiva yake ilikuwa tayari imo ndani ya keneli. Wahandisi wa kampuni hizi hutuma msimbo wao miezi kadhaa kabla ya boksi la kwanza kufika dukani.

> Kampuni haikuchelewa. Iliyochelewa ni flashi.

Keneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Ubuntu ya muda mrefu, ile ambayo mafundi wengi huipenda kwa utulivu wake, hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili na kukaa na vitu vyake vilevile mpaka toleo dogo lipite. Ubuntu 24.04.3 ya Agosti 2025 ilibeba keneli 6.14 na Mesa mpya. Jina ni lile lile, 24.04, na anayetazama kibandiko cha flashi tu haoni tofauti. Fedora, Linux ya aina nyingine, hukimbia zaidi: toleo lake la 42, la Aprili 2025, lilianza moja kwa moja na keneli 6.14.

Kwa hiyo fundi mwenye flashi ya mwaka 2024 na fundi mwenye flashi ya mwaka 2025 wanaweza kuchomeka kadi ile ile, kwenye kompyuta ile ile, mmoja akaapa kwamba Linux haifai na mwingine asione tatizo lolote.

Kidole cha Finland

Yote hayo ni ya AMD na Intel. Nvidia ina hadithi yake, na hadithi hiyo ina kidole.

Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, msikilizaji mmoja alimweleza Torvalds jinsi laptopu yenye kadi ya Nvidia ilivyomsumbua kwenye Linux. Torvalds alijibu kwamba Nvidia ilikuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Kisha akaigeukia kamera, akainua kidole cha kati na kutaja jina la kampuni pamoja na tusi ambalo halichapiki kwenye gazeti la familia. Wapenzi wa Linux bado hulisimulia tukio hilo kama ngano.

Hasira ilikuwa na chanzo. Draiva ya Nvidia ilikuwa sanduku lililofungwa: inafanya kazi, lakini hakuna wa nje aliyeruhusiwa kuona ndani. Tangu mwaka 2005 kundi la watu waliojitolea lilikuwa likiandika draiva huria iitwayo nouveau kwa kuchunguza jinsi kadi inavyojibu na kuiga. Ilikuwa kazi ya kusikiliza kwenye ukuta. Kuanzia kadi za mfululizo wa GTX 900 za mwaka 2014 ukuta ukawekwa zege, kwa sababu kadi zilianza kukataa fimuwea isiyo na sahihi ya kampuni. Bila fimuwea hiyo nouveau haikuweza kupandisha kasi, na kadi ya bei mbaya ikawa kama pikipiki iliyofungwa gia ya kwanza.

Mei 2022 mambo yaligeuka. Nvidia ilitoa hadharani msimbo wa sehemu ya draiva yake inayoingia kwenye keneli, kwa kadi za kizazi cha mwaka 2018 na kuendelea. Kufikia kadi za RTX 50, zilizoanza kuuzwa Januari 30, 2025, sehemu hiyo huria ndiyo pekee inayokubalika. Ile ya zamani iliyofungwa haiziwashi kabisa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kwenye orodha ya Ubuntu draiva huonekana mbili mbili, zenye namba moja, ila moja ina neno dogo mwishoni: open. Fundi aliyezoea kadi za miaka ya nyuma huchagua ile isiyo na neno hilo, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea, huwasha upya, na skrini inabaki nyeusi. Mwingine huchagua sawasawa lakini hukuta skrini ya bluu inayouliza nenosiri aliloliweka dakika tano kabla. Huo ni ulinzi wa kuwashia kompyuta, unaotaka kuhakikisha kwamba mwenye mashine ameridhia draiva isiyo na sahihi inayotambulika. Akiiruka akidhani ni hitilafu, draiva haipakiwi, na amri ya nvidia-smi hujibu kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva yoyote.

Sehemu nyingine za Nvidia bado zimefungwa, ikiwemo CUDA, ambayo tutaikuta mbele. Nouveau yenyewe ilianza kuzitambua kadi za RTX 50 kwenye keneli 6.16 ya Julai 2025, nusu mwaka baada ya kadi kuingia sokoni. Na wahandisi wa kampuni ya Red Hat wameanza draiva mpya, Nova, inayoandikwa kwa lugha ya Rust, ili siku moja ichukue nafasi ya nouveau kwenye kadi za kisasa. Hiyo ni ya kusubiri.

Kijiji cha mihogo na kadi ya michezo

Swali la haki ni hili: kata ya Musoma Vijijini inayoishi kwa mihogo, dagaa na sato ina haja gani na kifaa kilichobuniwa kwa wacheza michezo ya kompyuta?

Jibu liko juu ya majabali. Ukipita vijiji vya Majita na Kiriba wakati wa jua kali utaona mihogo iliyomenywa imeanikwa juu ya mawe, ikisubiri kuwa udaga. Adui wa mihogo hiyo ni wawili wanaojulikana, batobato na michirizi ya kahawia, na wote huweza kuonekana kwenye jani kabla ya mkulima kuchimba na kukuta amevuna hasara. Mwaka 2017 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walichapisha kazi iliyotumia picha za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania. Waliifundisha kompyuta kuutaja ugonjwa kwa kuangalia jani. Kwa picha ambazo haikuwahi kuziona, ilipatia asilimia 93.

Kutoka kwenye kazi ya aina hiyo ilizaliwa Nuru, programu ya simu inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata pasipo mtandao. Simu ya mkulima haihitaji kadi kubwa, maana inatumia ujuzi ambao umeshapikwa. Kuupika ndiko kunakotaka kadi ya grafiki, na jiko lenyewe huwa ni Linux mara nyingi. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux, zote bila kubakiza hata moja, tangu orodha ya Novemba 2017.

Jirani wa Kiriba ana mfano mkubwa zaidi. Ndani ya Serengeti, hifadhi ambayo lango lake la Ndabaka liko kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Picha zilikuwa nyingi kiasi kwamba maelfu ya watu waliojitolea duniani walizichambua kwa macho, moja moja: huyu nyumbu, huyu pundamilia, hili ni jani linalopepea tu. Mwaka 2018 watafiti walionyesha, kwa kutumia picha milioni 3.2 za mradi huo, kwamba mashine iliyofundishwa inaweza kufanya asilimia 99.3 ya kazi hiyo kwa usahihi ule ule wa watu wa kujitolea, na kuokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi ya binadamu.

Butiama, si mbali na Kiriba, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Ni vigumu kufikiria chuo cha jina hilo, katikati ya mihogo na kwenye mlango wa Serengeti, kikikwepa kazi za namna hii.

Na kazi hizi hazikuanzia kwenye majumba ya mitambo. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliifundisha mashine kutambua picha akiwa chumbani kwake nyumbani kwa wazazi. Alitumia kadi mbili za michezo aina ya GTX 580, kila moja ikiwa na GB 3 za memori. Ilimchukua siku tano hadi sita, na matokeo yake yakabadilisha mwelekeo wa akili bandia dunia nzima. Kadi hizo hazikuwa mpya. GTX 580 ilikuwa imetoka Novemba 2010.

Kiriba cha GB 8

Kwa Kiswahili cha wazee, kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Mwandishi anaomba radhi kwa wenyeji, lakini hakuna neno linaloeleza memori ya kadi vizuri kuliko jina la kata yao. Kadi inaweza kuwa na kasi ya ajabu, ila isichoweza kukibeba ndani ya kiriba chake hakifanyiki, au kinafanyika kwa kinyongo.

Chukua UlizaLlama, modeli ya akili bandia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2023 na shirika la Jacaranda Health la Kenya, yenye vigezo bilioni 7. Kila kigezo kikihifadhiwa kwa baiti mbili, jumla ni GB 14. Kadi ya GB 8 haiimezi. Kigezo kikibanwa hadi nusu baiti, jumla inashuka hadi GB 3.5, na sasa inaingia na nafasi inabaki, kwa kupoteza usahihi kidogo. Ndiyo maana RX 9060 XT ya GB 16, iliyotangazwa kwa dola 349, ina maana zaidi kuliko ya GB 8 iliyotangazwa kwa dola 299, ingawa kwa michezo mingi tofauti yao ni ndogo. Kwa shilingi, hiyo ya GB 16 ni zaidi ya laki nane, kabla ya usafiri na faida ya muuzaji.

Kijani, nyekundu, bluu

Wenye mapenzi ya kadi huziita kwa rangi za kampuni, kama Simba na Yanga. Nvidia ni kijani, AMD nyekundu, Intel bluu. Na ushabiki unafanana.

Upande wa kijani una hoja moja nzito: CUDA. Hii ni njia ya Nvidia ya kuipa kadi hesabu badala ya picha, iliyoanza mwaka 2007, na karibu kila somo la akili bandia limeandikwa juu yake. Anayefuata somo akiwa na kadi ya kijani hufika mwisho. Lakini hata kijani ina kalenda. Kadi za RTX 5090 na 5080 ziliingia sokoni mwishoni mwa Januari 2025, na PyTorch, programu inayotumiwa na watafiti wengi, ilizipokea rasmi katika toleo lake la 2.7 la Aprili 23. Kwa karibu miezi mitatu mwenye kadi ya bei kubwa kuliko zote alikuwa na skrini nzuri, draiva nzuri, na ujumbe uliomwambia kwamba kadi yake haiafikiani na programu aliyonayo.

Upande mwekundu hujivunia kwamba draiva imo ndani ya keneli. Kampuni ya Valve ilipotengeneza mashine yake ya michezo ya Steam Deck mwaka 2022 iliijenga juu ya Linux na chipu ya AMD, na kazi iliyofanywa kwa ajili yake imewafaidi wote. Kwa hesabu za akili bandia wekundu wana ROCm, mshindani wa CUDA, na hapo napo tarehe zinasema: RX 9070 iliuzwa kuanzia Machi 6, ROCm 6.4.1 iliyoitambua rasmi ikafika Mei. Hata hivyo, anayetaka tu kuendesha modeli iliyokwisha kufundishwa haihitaji ROCm. Programu ya llama.cpp hupitia Vulkan, njia ambayo AMD na Intel zote huielewa kupitia Mesa.

Bluu ni rahisi. B580 ilitangazwa kwa dola 249 ikiwa na GB 12. Ila ina sharti litakalowaumiza wengi hapa, na tutalifikia.

Kuna kundi la nne ambalo halina rangi: wapiga video za harusi. Hawa huvutiwa na Linux kwa sababu haina leseni ya kulipia, na huvutiwa na DaVinci Resolve kwa sababu ina toleo la bure. Wakiziunganisha mbili, wanagundua kwamba toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui video za H.264, ambazo ndizo kamera nyingi hurekodi. Harusi ipo kwenye faili, bibi harusi anasubiri, na skrini inaonyesha kidirisha kitupu. Njia iliyopo ni kugeuza kila faili kwa programu ya FFmpeg kuwa aina nyingine inayovimba mara kadhaa na kumaliza diski, au kuhamia programu nyingine ya kuhariri, Kdenlive. Kadi mpya haina msaada hapo hata iwe ya milioni tano.

Na wapo wanaosema kadi ya nini. Google Colab hukuazima kadi bure kupitia kivinjari, na Kaggle hutoa saa 30 za kadi kwa wiki. Kwa anayejifunza, mwandishi anakubaliana nao: hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kuuza ng'ombe. Ugumu ni kwamba kadi ya kuazima iko ng'ambo ya bahari. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika, na aliyekuwa na picha zake kwenye diski yake mwenyewe ndiye aliyeendelea na kazi.

Mwili wa zamani

Kadi mpya mara nyingi huchomekwa kwenye kompyuta ya mtumba. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni mfano unaofahamika, mashine ya ofisi ngumu kama jiwe. Pawa saplai yake katika umbo dogo ni wati 240, haina waya wa pini nane, na umbo lake si la kawaida, hivyo huwezi kuchukua nyingine dukani na kuibadilisha. RX 9060 XT ya GB 16 inataka wati 160 peke yake. Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu.

Hapa hakuna Linux wala Windows itakayosaidia. Wapo wanaounganisha waya za kuchongwa. Matokeo yake ni moshi, au kompyuta inayojizima kila kadi inapoanza kufanya kazi, kosa ambalo husingiziwa draiva kwa wiki nzima.

Sharti la Intel ni hili: kadi za Arc hupoteza kasi vibaya kwenye mashine isiyoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo. Uwezo huo uko kwenye mazabodi za miaka ya karibuni. OptiPlex ya 2012 haina. Bei nzuri ya B580 inaishia hapo.

> Kabla ya kuuliza kadi ipi, geuza pawa saplai usome kibandiko chake.

Windows nayo imesukuma watu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 huzikataa rasmi mashine nyingi za umri huo. Ndivyo Linux inavyoingia stationari ambazo hazikuwahi kuifikiria.

Wengine hukwepa haya yote kwa kununua kadi kuukuu. Nako kuna mpaka. Nvidia imeshatangaza kwamba draiva za tawi la 580 ndizo za mwisho kwa kadi za GTX 10, zikiwemo GTX 1060 zilizojaa kwenye soko la mtumba. Ukiuliza mwandishi, kadi ya Kiriba ni ile iliyokaa sokoni kati ya mwaka mmoja na minne: imeshaingia kwenye keneli ya flashi nyingi, na bado ina miaka ya kuhudumiwa. Krizhevsky alifanya yale ya 2012 kwa kadi za umri huo.

Gigabaiti sita

Lakini kadi imeshanunuliwa, na iko mezani.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, fundi mzoefu hubonyeza herufi e kwenye orodha ya kuwashia, huongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari wa keneli, na kupata picha ya kufanyia kazi. Kisha huchomeka simu kwa waya wa USB na kuigeuza kuwa modemu. Linux huikubali bila draiva yoyote, na hapo bando linaanza kuyeyuka. Fimuwea peke yake ni mamia ya megabaiti. PyTorch na vikorombwezo vyake vya CUDA ni zaidi ya GB 2.

Umeme ukikatika keneli mpya ikiwa nusu, si mwisho wa dunia. Ile ya zamani hubaki kwenye orodha ya kuwashia, na mtu anaweza kurudi nayo na kuanza upya. Ila bando lililoliwa haliwezi kurudi.

Ndiyo maana wengi huona nafuu kwenda mjini. Faili la Ubuntu 24.04.3 ni karibu GB 6. Musoma mjini, penye mtandao wa kasi, hupakuliwa ukiwa unakunywa chai, na flashi ya GB 16 hurudi Kiriba mfukoni kwa nauli ya bodaboda.

Mara ya pili, kwa flashi mpya, skrini hujaa yote. Kishale hutembea na mkono. Ukisukuma dirisha haliachi mkia. Feni ya prosesa hushuka hadi ukasikia watu wanaongea nje, na ukiipa kadi video ya kuchakata, feni zake huanza kuzunguka, polepole kwanza.

Fundi huandika lspci tena, safari hii na -k mwishoni, kuhakikisha. Mstari unaweza kusomeka kama mwanzoni: Device 7590. Jina bado halipo, ingawa sasa chini yake kumeandikwa kwamba draiva inayotumika ni amdgpu. Orodha ya majina ni faili tofauti kabisa, ya zamani nayo, na haihusiki na kuwaka kwa kadi. Kuna amri ya kuipakua upya, update-pciids, isiyokula hata megabaiti mbili. Mteja wa fotokopi ameshafika mlangoni na vyeti vyake, kwa hiyo jina la kadi litasubiri kwanza.